Turbo au supachaja? Kisa cha Lancia

Haya washkaji, wiki hii tumemaliza mada ya injini za mwako wa ndani, na kama kawaida ubishi ukahamia kordo: ukipewa gari la spoti na hela ya kuliongezea nguvu, unafunga turbo au supachaja? Wengi walisema turbo bila hata kufikiri, manake huku kwetu neno "turbo" limeshakuwa sifa ya kila kitu chenye fujo. Mimi nikabaki upande wa wachache, na kwa makelele yale hoja yangu haikufika mwisho. Naimalizia hapa, kwa historia ya kampuni moja ya Italia iliyolijibu swali hili mara tatu ndani ya miaka michache tu, kila mara kwa jibu tofauti. Kampuni yenyewe ni Lancia.

Kwanza tuwekane sawa, kwa ajili ya wale wa sosholojia wanaonisoma. Injini ni kama mtu anayekimbia: nguvu yake inategemea hewa anayoivuta. Ukiweza kuisukumia hewa nyingi kuliko inayovuta yenyewe, unaongeza na mafuta, na silinda zile zile zinatoa nguvu kubwa zaidi. Supachaja ni pampu ya hewa inayozungushwa na injini yenyewe kwa mkanda au gia. Injini ikizunguka, nayo inazunguka, basi. Ukikanyaga mafuta, hewa ipo tayari. Ubaya wake, inakula. Sehemu ya nguvu unayoipata inarudi kuiendesha pampu, uwe unaihitaji au huihitaji.

Turbo nayo ni pampu, ila inazungushwa na moshi unaotoka kwenye injini kuelekea ekzosi. Moshi ule ungepotea bure, kwa hiyo kwenye karatasi turbo inaonekana kama chakula cha bure. Tatizo ni kusubiri. Ukiachia mafuta kwenye kona, moshi unapungua na turbo inapoa mwendo. Ukikanyaga tena, moshi inabidi uongezeke kwanza, ndipo turbo ishike kasi, ndipo hewa ifike. Halafu ikifika, inafika yote kwa mpigo! Siku hizi kusubiri huko ni kudogo. Miaka ya mwanzo ya 1980 dereva angeweza kuhesabu moja, mbili, kisha ndo akarushwa.

Vyote viwili ni vizee. Gottlieb Daimler alipata hataza ya kusukumia hewa kwenye injini mwaka 1885, na Mswisi Alfred Büchi akapata ya kwake ya kutumia moshi mwaka 1905. Kwenye magari ya mbio supachaja ilitangulia mbali sana. Mercedes, Bentley na Alfa Romeo walikuwa nazo tangu miaka ya 1920. Turbo ilikaa kwenye meli, malori na ndege, ikaja kuuzwa kwenye magari madogo mwaka 1962 tu, Marekani, kwenye Oldsmobile Jetfire na Chevrolet Corvair. Renault walipoipeleka Formula 1 mwaka 1977 iliharibika mara nyingi huku ikitoa moshi hadharani, mpaka Waingereza wakaibatiza "birika la njano". Miaka miwili baadaye, 1979, birika lilishinda mbio za nyumbani kwao Ufaransa, na kicheko kikaisha.

Sasa Lancia. Mwishoni mwa miaka ya 1970 walikuwa na gari dogo la injini ya katikati, Beta Montecarlo. Wakaamua kulipeleka kwenye mbio za viwanjani, zile za kuzunguka lami saa nyingi. Huko sheria ilisema injini yoyote inayosukumiwa hewa, ukubwa wake unazidishwa kwa 1.4 kabla ya kupangiwa daraja. Lancia wakachukua kalamu. Cc 1,425 mara 1.4 ni 1,995, yaani chini kidogo ya daraja la cc 2,000. Wakafunga turbo, na mwaka 1980 na 1981 wakabeba ubingwa wa dunia wa watengenezaji. Jibu la kwanza: turbo. Na ni jibu safi kabisa, kwa sababu kiwanjani dereva anaijua kila kona, lami haibadiliki, na mguu unakaa kwenye mafuta muda mrefu. Turbo haipati nafasi ya kupoa.

Mnafikiri walipohamia kwenye rali walifanya nini? Walichukua sehemu ya katikati ya gari lile lile la Montecarlo, Abarth wakalijenga upya, na likaitwa Rally, ingawa wote tunalijua kwa namba ya mradi, 037. Turbo wanaijua, wameshashinda nayo. Wakaiacha. Wakafunga supachaja, ile waliyoiita Volumex.

Hapa ndipo wenzangu kordo wanaposema Lancia walichemsha. Mwaka 1980 Audi walikuwa wametoa Quattro, turbo na magurudumu manne yote yanasukuma, na mwaka 1982 ikachukua ubingwa wa dunia wa rali. Kila mtu aliyekuwa na macho aliona upepo unakovumia. Na wewe unakuja na supachaja na magurudumu mawili ya nyuma?

Lakini fikiria rali ilivyo. Dereva hajui kona vizuri, anasomewa na msoma ramani. Lami inageuka changarawe, changarawe inageuka tope. Mguu wake unagusa mafuta na kuachia kila sekunde, na kwenye gari linalosukuma kwa nyuma, mafuta ndiyo usukani wa pili: ukiongeza kidogo mkia unatoka, ukipunguza unarudi. Kwa dereva wa namna hiyo, nguvu inayochelewa sekunde moja ni nguvu inayomfikia akiwa ameshafika kona nyingine. Wale mafundi hawakutafuta nguvu nyingi kuliko Audi. Walitafuta nguvu inayotii mguu. Gari la kuuza mtaani lilikuwa na farasi 205 tu, la rali mwanzoni likiwa na kama 255, na Quattro za kiwanda zilikuwa zimelizidi wazi.

Hesabu za sheria nazo hazikulala. Cc 1,995 mara 1.4 ni 2,793, hivyo 037 iliingia daraja la chini ya cc 3,000, ambako uzito wa chini ulioruhusiwa ni kilo 960. Quattro ilikuwa na cc 2,144. Chukueni kikokotoo: inakuja 3,001.6. Cc moja na nusu hivi juu ya mstari, na kwa ajili hiyo gari linasukumwa kwenye daraja la wazito! Audi wakaja kupunguza injini hadi cc 2,109 ndani ya mwaka 1983 wenyewe. Nikiona vitu kama hivi ndipo naelewa kwa nini watu wa uhandisi tunalazimishwa kusoma sheria na mikataba.

Kuna jambo moja pembeni ambalo siwezi kuliacha. Injini ya 037 ilitokana na ukoo wa injini za Fiat zilizochorwa na Aurelio Lampredi. Huyu ndiye aliyechora ile injini kubwa ya Ferrari, cc 4,500, isiyosukumiwa hewa kabisa, ambayo mwaka 1951 pale Silverstone ilizipiga Alfa Romeo zenye supachaja baada ya kutawala miaka. Zile Alfa zilikuwa na cc 1,500 na farasi zaidi ya 400, ila zilikunywa mafuta kama mchanga unavyokunywa maji, na kila kusimama kujaza ni muda umepotea. Yaani mzee aliyeonyesha ulimwengu gharama ya supachaja, miaka thelathini baadaye injini ya ukoo wake inafungwa supachaja.

Turudi 1983. Monte Carlo mwezi Januari, barabara nyingi zikiwa kavu, Walter Röhrl wa kwanza, Markku Alén wa pili, wote Lancia. Corsica, lami tupu na kona zisizoisha, Lancia wakajaza nafasi nne za kwanza. Acropolis kule Ugiriki, mawe na vumbi, mahali pa magurudumu manne haswa, Röhrl tena. New Zealand, Röhrl. Sanremo mwezi Oktoba, Alén, na nyuma yake Lancia mbili nyingine. Ubingwa wa watengenezaji ukaenda Lancia kwa pointi 118, Audi 116. Pointi mbili! Ubingwa wa madereva aliuchukua Hannu Mikkola wa Audi, sawa, lakini tangu siku ile hakuna tena gari la kusukuma kwa nyuma lililobeba ubingwa wa watengenezaji kwenye rali ya dunia. Jibu la pili lilikuwa supachaja, na lilikuwa sahihi. Kwa mwaka mmoja.

Nasema kwa mwaka mmoja kwa sababu mimi ni mtetezi wa supachaja, si mwehu. Mwaka 1984 Lancia walipanua injini hadi cc 2,111 (zidisheni wenyewe muone walivyosogelea ule mstari wa 3,000), farasi wakafika kama 325, na Alén akashinda Corsica. Basi, ndo ikawa ya mwisho kwa 037 kwenye ubingwa wa dunia. Mwaka huo huo Peugeot walileta 205 Turbo 16, nyepesi, injini katikati, magurudumu manne. Turbo ilikuwa inajifunza haraka. Supachaja haikuwa na cha kujifunza, manake ukitaka hewa zaidi unaizungusha kwa kasi zaidi, na ukifanya hivyo inakula zaidi.

Afrika Mashariki nako kulikuwa na somo lake. Safari Rally ya 1984 ilishindwa na Björn Waldegård kwenye Toyota Celica ya turbo, na kabla ya hapo hakuna turbo iliyowahi kushinda Safari. Celica ikarudia 1985 na Juha Kankkunen, na 1986 na Waldegård. Mwaka huo wa 1986 Lancia walileta Kenya 037 ile ile ya zamani, na Alén akamaliza wa tatu nyuma ya Celica mbili. Sisemi ni supachaja peke yake iliyomweka wa tatu, Toyota walijiandaa kwa Safari kama watu wanaojiandaa kwa vita. Ila ukipanda nyanda za juu za Kenya hewa inakuwa nyembamba. Supachaja imefungwa na mwendo wa injini, haiwezi kuongeza bidii kufidia. Turbo inaweza kuzunguka zaidi na kurudisha kilichopungua, ndo sababu marubani waliipenda zamani.

Jibu la tatu ndilo linalonisumbua. Lancia walikataa kuchagua. Delta S4 ya mwaka 1985 ilifungwa vyote viwili: mizunguko ikiwa chini supachaja inasukuma, mizunguko ikipanda turbo inapokea na supachaja inakaa pembeni. Hesabu ikarudi tena: cc 1,759 mara 1.4 ni 2,463, daraja la chini ya 2,500, kilo 890. Ikawa na farasi karibu 480, magurudumu manne, bila kusubiri. Kwa maneno mengine, waliondoa ubaya wa kila upande. Ilitoka kwa mara ya kwanza RAC Rally, Uingereza, Novemba 1985, na Henri Toivonen akashinda, Alén wa pili. Januari 1986 Toivonen akashinda Monte Carlo.

Tarehe 2 Mei 1986, Corsica, gari la Toivonen lilitoka barabarani kwenye kona ya kushoto, likatumbukia na kuwaka moto. Yeye na msoma ramani wake Sergio Cresto walifariki. Mwaka mmoja kabla, tarehe hiyo hiyo 2 Mei, kisiwa hicho hicho, Attilio Bettega alikuwa amefariki ndani ya 037. Toivonen alikuwa na miaka 29. Chanzo cha ajali yake hakikuwahi kuthibitishwa, kwa hiyo mtu asiniambie "ni turbo" au "ni supachaja". Ninachoweza kusema ni kwamba kule kusubiri kwa turbo, tulikokuita ubaya, kulikuwa pia ni nafasi ya dereva kuvuta pumzi. Kwenye S4 nafasi hiyo iliondolewa. Mwisho wa mwaka ule daraja zima, Group B, likafutwa.

Kuanzia 1987 Lancia walikimbiza Delta yenye turbo tupu na magurudumu manne, wakachukua ubingwa wa watengenezaji miaka sita mfululizo hadi 1992, Safari ya 1988 ikiwemo, mikononi mwa Miki Biasion. Volumex haikurudi.

Kwa hiyo mkiniuliza mimi, na hela ni yangu: gari la kukata kona mlimani, Lushoto kule, supachaja. La kunyoosha Chalinze hadi Segera, turbo, na tochi za trafiki mtajua wenyewe. Wa kuchanganya vyote viwili sitamzuia, manake mwaka 2005 Volkswagen waliweka mpango ule ule wa S4 kwenye Golf ya kwendea sokoni, injini ya cc 1,400, supachaja chini, turbo juu, farasi 170. Ikitoka kwenye taa haina kusubiri. Nasikia mafundi walioifungua wana maneno yao kuhusu bei ya vipuri, lakini hiyo ni mada ya siku nyingine.