Angela wa Bengala, Bibi wa Walowezi wa Rasi

Katika mila za pwani yetu, mgeni aingiapo barazani huulizwa jina lake, kisha jina la babake, kisha la babu yake, mpaka wenyeji watambue ni wa ukoo gani na ametoka wapi. Na mtu aliyekosa jibu la maswali hayo, zamani za biashara ya wanadamu, alikuwa mtumwa, maana nasaba yake ilikatika siku alipotiwa chomboni, na pahala pa jina la baba pakawekwa jina la nchi. Mwanamke ninayetaka kumkumbuka hapa aliandikwa vivyo hivyo katika madaftari ya Waholanzi wa Rasi ya Tumaini Jema: Angela wa Bengala. Majirani zake walimwita Maaij Ansela, yaani Mama Ansela, kwa neno la Kireno lililoenea wakati huo katika vinywa vya watumwa wa Bahari ya Hindi.

Kampuni ya Uholanzi ya India ya Mashariki ilimpeleka Jan van Riebeeck, naye akafika Ghuba ya Meza tarehe 6 Aprili 1652, akiwa na amri ya kuanzisha kituo cha maji, mboga na nyama kwa merikebu ziendazo Batavia na zirudizo. Wakhoikhoi, waliokuwa wakilisha mifugo yao huko tangu kale, waliona malisho yao yakimegwa, hasa tangu 1657, Kampuni ilipowaruhusu watumishi wake tisa watoke kazini na kulima mashamba yao wenyewe kando ya mto Liesbeeck. Hao ndio walowezi wa awali, na wanawake wa Kizungu miongoni mwao walikuwa haba mno. Ni katika miaka hiyo ya 1650 Angela aliposhushwa Rasini, akawa mtumwa nyumbani mwa van Riebeeck. Naye van Riebeeck, alipohamia Batavia mwaka 1662, akamwuza pamoja na wanawe kwa Abraham Gabbema, mwendesha mashtaka wa Kampuni.

Yafaa msomaji wa pwani azingatie sheria iliyomkabili mama huyo. Kwetu, kwa mujibu wa sharia ya Kiislamu, mwana wa suria ambaye bwana alimkiri alizaliwa huru na kufuata nasaba ya babake, na mama aliyemzaa hakuruhusiwa kuuzwa tena. Kwa Waholanzi, waliofuata kanuni ya Kirumi, mtoto alifuata tumbo la mamake: aliyezaliwa na mtumwa alikuwa mtumwa, hata kama babake alikuwa Mzungu mwenye cheo. Kwa hiyo Gabbema, alipokuwa akijitayarisha kusafiri mwaka 1666, na kuandika hati ya kumwacha huru Angela na wanawe watatu, kwa sharti kwamba mama ahudumu miezi sita katika nyumba ya mlowezi mmoja, kalamu ile ilibadili hali ya kila mtoto atakayetoka katika tumbo lake.

Angela hakuupoteza uhuru huo. Mwaka uliofuata alipewa kiwanja mjini, chini ya Mlima Meza, kwa jina lake mwenyewe. Mwaka 1668 akabatizwa. Na mwezi Desemba 1669 akaolewa na Arnoldus Willemsz Basson, mlowezi mzaliwa wa Wesel katika nchi ya Wajerumani, akamzalia watoto wengine. Sheria ya Kiholanzi iliwafanya mume na mke kuwa washirika wa mali, na mjane kustahiki nusu yake. Basi Basson alipofariki, Angela aliushika usimamizi wa mali ile, akaitunza na kuizidisha mpaka alipokufa mwaka 1720. Wala si haki kuficha kwamba katika mali ya nyumba hiyo walikuwamo watumwa: aliyepata kumilikiwa, naye akamiliki. Taarikhi yake ni amana, na amana hairudishwi pungufu.

Binti yake Anna de Koning, aliyekuwa mmoja wa wale watoto watatu walioachwa huru pamoja naye, aliolewa mwaka 1678 na Oloff Bergh, askari wa Kiswidi aliyepanda mpaka cheo cha kapteni. Bergh ndiye aliyeinunua Groot Constantia, nyumba na mizabibu yake mashuhuri, baada ya kufa kwa Gavana Simon van der Stel; na humo mtoto aliyezaliwa utumwani akawa bibi mwenye nyumba, na mumewe alipofariki mwaka 1724 yeye akabaki mjane mwenye mali.

Dhuria ya Angela, kwa Anna na kwa watoto wa Basson, ilienea katika aila nyingi za Makaburu. Mwaka 1685 kamishna wa Kampuni alikwisha kataza Wazungu kuoa wanawake weusi walioachwa huru, na zaidi ya karne mbili na nusu baadaye, kwa sheria za 1949 na 1950, serikali ya Afrika Kusini ikapiga marufuku ndoa za Wazungu na wasio Wazungu, kisha ikamwandikisha kila raia kwa rangi. Wengi waliojigamba kwa usafi wa damu siku hizo, na kulinda mipaka hiyo kwa askari na mahakama, walikuwa wazao wa mwanamke mtumwa kutoka Bengala. Walihifadhi jina la Basson na la Bergh, wakalisahau la Angela, kwa kuwa ukoo wao waliuhesabu kwa wanaume.

Nasi tunahesabu hivyo hivyo. Katika shajara zetu za Lamu, Mombasa na Unguja, masharifu na masheikh wamepangwa baba kwa baba, ilhali mama zao, ambao baadhi yao walikuja majahazini bila hiari, hawana hata mstari mmoja. Basi ewe msomaji, kama unayo karatasi ya nasaba ya wazee wako, mwendee nyanya yako angali hai, umwulize jina la mamake, na la mama wa mamake, na nchi waliyotoka, kisha uyaandike humo.