Kuomba maji kwa Kihindi

Wasee, ukitafuta "tafadhali" kwa Kihindi utaambiwa ni kripya. Sawa. Sasa nenda kibanda cha chai pale Delhi uanze na kripya. Chai utapewa, lakini utasikika kama spika ya stesheni. Sicheki. Matangazo ya treni kule husema yatrigan kripya dhyan dein, yaani abiria, tafadhali sikilizeni.

Heshima ya Kihindi inakaa ndani ya kitenzi. Kuna "wewe" za aina tatu. Tu ni ya mtoto, rafiki wa dhati, Mungu (ndio, Mungu), na pia mtu unayemdharau. Tum ni ya mwenzako. Aap ni ya mkubwa, mgeni, au mtu usiyemjua. Kila moja ina namna yake ya kusema "nipe maji": paani de, paani do, paani dijiye. Ukitaka kulainisha zaidi unasema dijiyega, ambayo inasogeza ombi hadi wakati ujao, kama kusema utanipa ukipata nafasi. Weka zara mbele, "kidogo", na hapo umekuwa mtoto wa adabu.

Lakini mimi napenda paani milega? Maji yatapatikana? Hakuna aliyeamrishwa. Si ni vile sisi huuliza kwa hoteli, "chapo itapatikana?"

Sasa historia. Mwaka 1888 Flora Annie Steel na Grace Gardiner walitoa kitabu kinaitwa The Complete Indian Housekeeper and Cook, cha wake wa Waingereza walioishi India. Kiliwahimiza wajifunze Kihindustani. Sababu? Waweze kuwapa watumishi amri zinazoeleweka. Si kupiga stori na watu, amri tu. Na mtu anayejifunza lugha ili atoe amri, aap ataitafutia nini?

Hapa kwetu watawala walikuwa walewale. Walowezi wakawa na Kiswahili chao cha kutuma watu, Kisetla: lete chai, kuja hapa. Mzee mwenye wajukuu akiitwa "boi". Hata maneno yalivuka bahari nao: memsaab yametoka India, na yaya ni ayah ya huko.

India ilipopata uhuru, lugha yenyewe ikawa siasa. Tarehe 14 Septemba 1949 Bunge la Katiba lilichagua Kihindi cha mwandiko wa Devanagari kiwe lugha rasmi ya serikali kuu, na katiba ikaagiza kichote maneno hasa kutoka Kisanskriti. Kripya ni Kisanskriti, kwa hivyo likafaa mabango. Meherbani, lenye asili ya Kiajemi, likabaki midomoni mwa watu. Shukriya pia halikuenda popote, na hilo lina mzizi mmoja wa Kiarabu na "shukrani" yetu.

Kitu kinaniuma ni nani anapewa aap. Kuna nyumba kule mtoto mdogo anamwambia mama wa kazi paani do, na yule mama anamjibu huyo mtoto kwa aap. Sisi hatuna vitenzi vya ngazi tatu, lakini tuna "we mboch, leta maji". Kwenu hausigeli hutumwa maji akiambiwaje? Na yeye akitaka siku ya kupumzika, huanza sentensi yake na nini?