Glavu za Selbu: nyota ya msichana wa kazi iliyolisha wilaya nzima

Watu wa Selbu, wilaya ya milima na misitu iliyo kusini-mashariki mwa mji wa Trondheim nchini Norway, wanautaja mwaka 1857 kama wengine wanavyoutaja mwaka wa uhuru. Mwaka huo msichana wa miaka 16, Marit Guldsetbrua, aliyekuwa akitumika kwenye shamba la watu, alifuma glavu za sufu kwa nyuzi za rangi mbili, nyeusi na nyeupe, na mgongoni mwa kila glavu akaweka nyota kubwa yenye petali nane. Inasimuliwa kwamba alikwenda nazo kanisani Jumapili, yeye na ndugu zake, na haukupita muda wasichana wengine wakaanza kuiga. Kabla ya hapo glavu za kawaida za Selbu zilikuwa za rangi moja, za kujikinga na baridi tu, zisizotazamwa mara mbili.

Marit aliishi hadi 1929. Alipofariki, akiwa anajulikana kwa jina la ndoa la Emstad, nyota yake ilikuwa imeshavuka mipaka ya Norway, na majirani zake walikuwa wakinunulia mahitaji ya nyumbani kwa fedha za glavu. Leo nyota hiyo imo katika nembo rasmi ya wilaya. Historia ya uchumi tumezoea kuisoma kwa viwanda, reli na bandari. Ya Selbu haiandikiki bila kumtaja mama aliyekaa kando ya jiko usiku wa baridi, sindano tano mkononi, akifuma baada ya kazi zote za mchana kwisha.

Nieleze kwanza glavu zenyewe, maana kwetu wengi tunajua zile zenye vidole vitano. Hizi zina mfuko mmoja unaobeba vidole vinne, na kidole gumba kinakaa peke yake. Vidole vikikaa pamoja hupashana joto, na katika nchi ambayo kwa miezi kadhaa barafu haiyeyuki, hilo ndilo linalomwezesha mtu kupasua kuni, kuongoza farasi na kuteka maji bila mikono kufa ganzi.

Nyota haikubuniwa na Marit. Nyota yenye ncha nane imo katika sanaa ya Kiislamu kutoka Morocco hadi Iran. Imo katika vitabu vya michoro ya mapambo vilivyochapwa Ujerumani katika karne ya 16, na imo katika fulana za hariri zilizofumwa walizovaa matajiri wa Ulaya ya kaskazini karne moja baadaye. Kufuma kwenyewe hakukuanzia kwenye theluji. Miongoni mwa kazi kongwe zaidi za kufuma kwa sindano zinazojulikana duniani ni soksi za pamba, za buluu na nyeupe, zilizopatikana Misri na kukadiriwa kuwa za kati ya karne ya 11 na ya 14. Baadhi yake zina mapambo ya maandishi ya Kiarabu ya mtindo wa Kufi. Na katika kaburi la mwanamfalme Fernando de la Cerda wa Castile, aliyefariki mwaka 1275 na kuzikwa Las Huelgas mjini Burgos, Hispania, kulikutwa mto wa hariri uliofumwa kwa vitanzi vidogo mno, na kandokando yake limefumwa kwa Kiarabu neno baraka. Mwana wa mfalme Mkristo alizikwa na kazi ya mikono iliyobeba ufundi wa Waislamu. Kwa hiyo anayedhani kufuma ni jambo la Wazungu wa nchi za baridi lililoletwa Afrika na wamishenari, aanze kuhesabu upya kuanzia Misri.

Ufundi huo ulisafiri polepole kwenda kaskazini. Watu wa huko walikuwa na njia yao ya zamani ya kutengeneza soksi na glavu kwa sindano moja yenye tundu, kama inavyoonekana katika soksi ya karne ya 10 iliyofukuliwa mjini York, Uingereza. Ni njia imara lakini ya polepole, kwa sababu uzi wote hupitishwa ndani ya kila kitanzi. Kipande kinachohesabiwa kuwa miongoni mwa kazi za kwanza za kufuma kwa sindano nyingi huko kaskazini kilifukuliwa kaburini Jõuga, Estonia. Ni cha karne ya 13 au mwanzoni mwa ya 14, na ni kipande cha glavu.

Sasa turudi Selbu, kando ya jiko. Glavu moja haikuanza kwa sindano, ilianza kwa kondoo. Kondoo wa kale wa Norway ana manyoya ya aina mbili: ya nje marefu na magumu yanayomwaga maji, na ya ndani mafupi na laini yanayotunza joto. Manyoya yalinyolewa, yakaoshwa, yakachambuliwa, yakachanwa kwa vibao vyenye meno ya waya, ndipo yakasokotwa kwenye gurudumu kuwa uzi. Kazi hiyo pekee ilikula siku nyingi kuliko kufuma.

Kisha sindano tano. Nne zinashika vitanzi katika mduara, ya tano inafanya kazi. Mfumaji anaanzia kwenye kifundo cha mkono na kupanda kuelekea kwenye ncha za vidole, akizunguka bila kugeuza kazi. Ana nyuzi mbili kwa wakati mmoja. Kitanzi hiki cheusi, viwili vyeupe, vitatu vyeusi, na uzi usiotumika unapita kwa nyuma, ndani ya glavu, ukingoja zamu yake. Hapo ndipo penye siri ya joto: kwa kuwa nyuzi mbili zinakwenda pamoja, glavu inakuwa na unene maradufu. Lakini uzi wa nyuma ukivutwa sana, glavu inakunjamana na mkono hauingii. Ukilegezwa sana, kidole kinanasa ndani yake kila unapovaa. Mkono wa mfumaji hujifunza kiasi chenyewe, na hakuna kitabu kinachoweza kumfundisha.

Akifika kwenye kidole gumba, anavichukua vitanzi vya hapo na kuvitunga kwenye kipande cha uzi mwingine, kisha anaendelea juu kana kwamba kidole hakipo. Nyota inajitokeza mstari kwa mstari. Kwenye kiganja anafuma mchoro mdogo wa kujirudia, na ubavuni anaweka mkanda unaotenganisha mgongo na kiganja. Mwishoni anapunguza vitanzi pande zote mbili hadi glavu inachongoka kwa juu. Ndipo anarudi kuvifungua vitanzi vya kidole gumba na kukifuma, na fundi hasa huhakikisha mchoro wa kidole unaungana na wa kiganja bila mstari hata mmoja kukatika. Glavu nyingine zilifumwa herufi za jina na mwaka. Kisha kazi yote inarudiwa upya kwa mkono wa pili, na nyota hazina budi kulingana.

Haya yalifanyika katikati ya kazi nyingine. Wanawake walifuma wakichunga, wakitembea, wakingoja chungu kichemke. Na huko Selbu kufuma hakukuwa kazi ya wanawake peke yao: wanaume na watoto nao walishika sindano. Wanaume wa huko walikuwa na kazi yao kubwa, ya kuchonga mawe ya kusagia kutoka kwenye migodi ya milimani, kazi iliyodumu karne nyingi na kuifanya wilaya ijulikane Norway nzima. Mawe hayo yalipokosa soko mwanzoni mwa karne ya 20, kilichobaki cha kuuza mbali kilikuwa kile kilichokuwa kikifumwa jikoni.

Kabla ya kuwa bidhaa, glavu zilikuwa zawadi, na zawadi hizo zilikuwa wajibu. Bibi harusi wa Selbu alitarajiwa kuwapa ndugu wa mume na wageni soksi na glavu alizofuma, na zilizo nzuri kuliko zote zilikuwa za bwana harusi. Msichana alianza kuandaa akiba hiyo miaka mingi kabla ya kumjua mchumba. Watu walizitazama na kuzisema. Kufuma kwake kulikuwa ushahidi wa uvumilivu wake, macho yake na malezi ya mama yake.

Ng'ambo ya Bahari ya Baltiki, nchini Latvia, desturi hii ilikwenda mbali zaidi. Sanduku la vitu vya harusi la binti lilijazwa glavu, na wapo waliofikisha zaidi ya jozi mia. Siku ya harusi zilitolewa kwa mama mkwe, baba mkwe, mawifi, shemeji, mchungaji na aliyeendesha farasi. Bibi harusi alipoingia nyumba yake mpya aliacha jozi nyingine mahali pa kuheshimiwa: kwenye meko, zizini, kisimani. Kila eneo lilikuwa na michoro na rangi zake, hata mtu aliweza kutambuliwa atokako kwa kutazamwa mikono. Desturi hiyo haijafa. Mkutano wa wakuu wa nchi za NATO ulipofanyika Riga mwezi Novemba 2006, Latvia iliwapa wageni wake glavu zilizofumwa kwa mikono, jozi 4,500, kutoka kwa wafumaji wa mikoa yote ya nchi. Serikali ingeweza kununua kalamu au saa. Ilikwenda kwa akina mama wa nyumbani, na mimi naona ilifanya uamuzi bora.

Soko nalo lina historia yake. Mwaka 1891 ilianzishwa jumuiya ya kitaifa ya kazi za mikono za nyumbani, Den Norske Husflidsforening, mjini Oslo, ambao wakati huo uliitwa Kristiania. Kazi za mikono zikapata soko mijini, na watalii na wapenzi wa mchezo wa kuteleza kwenye theluji wakazipenda glavu za Selbu. Mahitaji yalipokua, kila mmoja akawa anafuma kwa vipimo vyake, nyingine kubwa, nyingine zimelegea, na wanunuzi wakalalamika. Mwaka 1934 ikaundwa Selbu Husflidscentral, chombo cha wenyeji wenyewe cha kukusanya glavu, kukagua vipimo, ubora na michoro, na kuziuza kwa jina moja. Katika miaka hiyo ya 1930, iliyokuwa ya dhiki duniani kote, jozi zilizotoka kwenye nyumba za Selbu kwa mwaka zilihesabiwa kwa makumi ya maelfu.

Malipo ya kila jozi yalikuwa madogo ukiyagawa kwa saa za kazi. Hilo nalisema wazi kwa sababu simulizi tamu za kazi za mikono hupenda kulificha. Mfumaji hakulipwa saa za kusokota, wala za kufumua alipokosea mstari. Lakini fedha zile zilikuwa mkononi mwake, zilikuja wakati shamba limefunikwa na theluji na halitoi kitu, na zilinunua kahawa, sukari na viatu vya watoto.

Vita vya Pili vya Dunia vilipofika, kazi za sindano zikapata maana nyingine. Chini ya utawala wa Wajerumani, Wanorway walivaa kofia nyekundu za kufuma kuonyesha kwamba hawajakubali kutawaliwa, na mwezi Februari 1942 zikapigwa marufuku. Baada ya vita vikaja viwanda na nyuzi za plastiki. Nyota ya petali nane haikuwa na mlinzi kisheria, na kila kiwanda duniani kiliichukua bure. Msomaji aliyewahi kupekua marobota ya mitumba Gikomba jijini Nairobi, au Memorial mjini Moshi, huenda ameshaishika mkononi, imechapwa na mashine kwenye sweta ya bei nafuu.

Selbu iliamua kutosahau. Makumbusho ya wilaya yametunza glavu za zamani, na mwandishi Anne Bårdsgård alizikusanya na kuzichora kitanzi kwa kitanzi katika kitabu ambacho toleo lake la Kiingereza, la mwaka 2019, lina michoro zaidi ya 500. Glavu zilizokuwa zimetoboka, zilizotunzwa kwenye makabati ya bibi, ziligeuka kuwa kumbukumbu za taifa.

Hapo ndipo ninapotaka kuwageukia wasomaji wa kwetu. Akina mama wa Afrika Mashariki wamefuma miaka mingi: vitambaa vya makochi na vya meza, sweta na kofia za mtoto mchanga, soksi za wajukuu wa Njombe, Mbeya, Limuru na Kinangop ambako asubuhi za Julai hazina huruma. Wamefuma barazani, kwenye vikao vya vikundi, wakingoja foleni ya kliniki. Kazi nyingi kati ya hizo hazina jina wala mwaka. Zikichakaa zinakuwa matambara ya kudekia, na aliyezifuma anazikwa na ujuzi wake. Kama nyumbani kwenu kuna sweta aliyowafumia bibi au shangazi, msiitupe. Ipigeni picha, nje na ndani ili nyuzi za nyuma zionekane. Kama mwenyewe yu hai, mwulizeni alifundishwa na nani, uzi aliupata wapi na alilipwa nini. Andikeni jina lake na mwaka kwenye kitambaa kidogo, mkishonee kwa ndani, na mfanye hivyo mwezi huu, wakati bado yupo wa kujibu.