Virusi vya korona vya watoto: kutoka Epsom hadi Kilifi

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, karibu miongo sita kabla ya UVIKO-19, mwanafunzi mmoja wa shule ya bweni huko Epsom, kusini mwa Uingereza, alishikwa na mafua. Majimaji ya pua yake yalichukuliwa, yakaandikwa B814, kisha yakapelekwa kwenye kituo cha utafiti wa mafua karibu na mji wa Salisbury.

Kituo hicho kilianzishwa mwaka 1946 na kilitegemea watu wa kujitolea. Walipewa malazi, chakula na posho kidogo, wakadondoshewa matone puani na kusubiri kuona nani ataugua. Matone ya B814 yaliwapa mafua, lakini kirusi chenyewe kilikataa kuota maabara kwa njia zilizozoeleka. Dk. David Tyrrell wa kituo hicho na mwenzake, Malcolm Bynoe, wakageukia mbinu kutoka Sweden ya kukuza virusi juu ya vipande vya njia ya hewa vilivyotunzwa vikiwa hai. Mwaka 1965 wakatangaza kwamba wamepata kirusi cha aina mpya.

Sura yake ilionwa na June Almeida, binti wa dereva wa basi wa Glasgow aliyeacha shule akiwa na miaka 16, ambaye wakati huo alikuwa bingwa wa hadubini ya elektroni katika hospitali ya St Thomas', London. Aliona vijiduara vyenye miba pande zote, na akavitambua: alikwisha kuona vinavyofanana navyo kwa kuku na panya wagonjwa. Miba ile iliwakumbusha watafiti mng'aro unaolizunguka jua, uitwao korona, na mwaka 1968 jina la virusi vya korona likatangazwa rasmi.

Marekani nako hawakuwa wamelala. Dorothy Hamre na John Procknow wa Chuo Kikuu cha Chicago walitangaza mwaka 1966 kirusi walichokipata kwa wanafunzi wa udaktari, ndicho 229E. Mwaka uliofuata Kenneth McIntosh na wenzake wakaongeza OC43. Baada ya hapo hamasa ikapoa. Nani angetoa fedha nyingi kwa ugonjwa unaoondoka wenyewe baada ya siku chache?

Kilichoamsha usingizi huo ni SARS, ugonjwa mkali wa kirusi kingine cha korona uliotikisa Asia mwaka 2003. Wataalamu walipoanza kuchimba upya, kirusi cha tatu cha mafua, NL63, kikatangazwa mwaka 2004 mjini Amsterdam, kutoka kwa mtoto wa miezi saba mwenye shida ya kupumua. Haikuchukua muda kikahusishwa na kikohozi kile cha kubweka kinachowakaba watoto wadogo usiku. Mwaka 2005 Hong Kong ikatangaza cha nne, HKU1, kilichopatikana kwa mzee wa miaka 71.

Virusi vyote vinne vilikuwa vimejulikana. Lakini vinaingiaje nyumbani, na nani anavileta? Jibu mojawapo zuri lilitoka pwani ya Kenya.

Kati ya mwaka 2009 na 2010, watafiti wa taasisi ya KEMRI-Wellcome Trust walifuatilia watu 483 katika kaya 47 za vijijini Kilifi kwa miezi sita. Walitaka kujua nani anawaambukiza watoto wachanga kirusi cha RSV, kinachoshambulia mapafu. Mara mbili kwa wiki kila mwanakaya alipitishiwa kijiti cha pamba puani, awe mgonjwa au mzima. Sampuli 16,918 zilipimwa pia virusi vitatu vya korona: OC43, NL63 na 229E.

Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021, wakati dunia ikihangaika na UVIKO-19, yalionyesha kwamba watu 346, yaani zaidi ya saba katika kila kumi, waliambukizwa walau mara moja. Vipindi vya maambukizi vilikuwa 629, na ni asilimia 36.3 tu vilivyokuwa na dalili. Kadiri umri ulivyopanda, dalili zilipungua. Wapo waliorudiwa na kirusi kilekile ndani ya miezi hiyo sita. Na aliyekuwa wa kwanza kuambukizwa katika kaya, mara nyingi kuliko wengine, alikuwa mtoto wa umri wa shule: asilimia 55.

Hospitali isingeweza kuyaona haya, kwa sababu mtoto anayecheza na kula vizuri hapelekwi kwa daktari. Ilibidi watafiti wawafuate watu majumbani mwao, wiki baada ya wiki, wakiwapima hata wasiolalamika.

Kwa mzazi mwenye kichanga, somo ni jepesi kulitekeleza. Kaka au dada anaporudi kutoka shule, anawe mikono kwa sabuni kabla ya kumbeba mdogo wake, hata siku ambayo hana kamasi wala chafya.