Mwanamke na Duara la Dhahabu

Habari za ufundi wa madini katika nchi ya Geita na Shinyanga kwa kawaida huanziwa kwa mgeni, kama vile John Williamson, Mkanada aliyegundua almasi ya Mwadui mwaka 1940. Sisi twapenda kuanza na Warongo, wafua chuma wa Geita na Uzinza, ambao majembe yao yalifika Usukuma kabla ya ukoloni. Katika jamii nyingi za wafua chuma wa Afrika Mashariki, tanuri lilifananishwa na mwanamke mjamzito, na kuyeyusha chuma kukafananishwa na uzazi; ilhali mwanamke mwenyewe, hasa aliye katika siku zake, alikatazwa kulikaribia. Jembe lilipokwisha kufuliwa ndipo alipokabidhiwa, akalime.

Tanuri zilizimika, lakini mwiko wa namna hiyo haukuzimika. Mpaka leo, katika baadhi ya machimbo madogo ya Geita, wapo waaminio kwamba mwanamke akishuka ndani ya duara, yaani shimo la kuchimbia, dhahabu hutoweka. Tusiwacheke upesi. Wenye elimu ya vitabu nao waliandika katazo kama hilo kwa wino: mkataba Na. 45 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1935, ulikataza mwanamke kuajiriwa kazi ya chini ya ardhi migodini, na baada ya Uhuru Tanganyika nayo iliuridhia. Sheria za nchi ziliruhusiwa kumsamehe kiongozi asiyefanya kazi ya mikono, mtumishi wa afya, na mwanafunzi aliye mafunzoni. Basi mlango uliachwa wazi kidogo kwa msomi, ukafungwa kwa mwenye sururu. Nia, ilisemwa, ni kumkinga.

Je, alikingwa? Hebu tutazame kazi aliyoachiwa juu ya ardhi. Mawe yakitolewa duarani, mara nyingi ni akina mama wayapondao kwa nyundo, wakivuta vumbi kutwa nzima. Huteka maji, huchekecha unga, huuosha katika mialo ambamo magunia hunasa chembe nzito. Kisha huja zebaki. Unga uliooshwa huchanganywa nayo katika beseni, mara nyingi kwa mikono mitupu, hukamuliwa kwa kitambaa, na donge lililobaki huchomwa motoni mpaka zebaki igeuke mvuke na dhahabu ibaki. Mvuke huo hudhuru ubongo na figo, na zebaki hupenya kutoka kwa mama hadi kwa mtoto aliye tumboni. Aliyezuiwa kushuka shimoni kwa ajili ya uzazi wake ameachiwa sumu iuharibuyo uzazi huohuo.

Tena kazi hiyo ndiyo yenye kemia. Kujua unga umesagika kiasi gani, maji yapite kwa kasi gani, zebaki itoshe wapi, huo ni ujuzi. Lakini huhesabiwa kuwa kibarua. Washukao duarani kwa kawaida hugawana mawe yenye dhahabu. Mponda mawe mara nyingi hulipwa ujira mdogo tu. Mwalimu wa sekondari afundishaye habari za zebaki huko Geita hana haja ya kutafuta mfano mbali.

Akina mama wenyewe hawakungoja kuitwa. Mwaka 1997 wachimbaji wanawake nchini waliunda chama chao, TAWOMA, wakatafuta leseni, mikopo na mafunzo. Mwenye leseni ndiye mwenye kauli juu ya eneo: nani achimbe, mawe yagawanywe vipi. Mwezi Juni 2024, mkutano mkuu wa Shirika la Kazi Duniani huko Geneva uliufuta kabisa mkataba Na. 45, baada ya miaka 89. Mwiko wa duarani haukupata kuandikwa na mkutano wowote, na mwanamke mwenye leseni hukutana nao kila asubuhi anapofika kwenye shimo lake mwenyewe.