Kuitaja Serikali Ambayo Haijaapishwa

Uchaguzi mkuu unapokaribia nchini Kenya, wanasiasa na watangazaji wa Kiswahili huchomeka katika mazungumzo yao misemo ya Kiingereza inayotaja serikali ambayo haijaapishwa. Makala haya yanachunguza miwili, "government-in-waiting" na "president-elect", na yanashikilia kwamba humpa msikilizaji uhakika ambao Katiba haijautoa.

Msemo wa kwanza ni wa mfumo wa Uingereza, ambako upinzani rasmi huwa na mawaziri vivuli walio tayari kushika wizara. Tarehe 5 Julai 2024, siku moja baada ya uchaguzi, Keir Starmer aliteuliwa waziri mkuu, na Rachel Reeves, aliyekuwa waziri kivuli wa fedha, akakabidhiwa wizara hiyo siku hiyo hiyo. Kenya haina utaratibu huo. Katiba ya 2010 hairuhusu mbunge kuwa waziri, na rais huchaguliwa na wananchi wenyewe. Chama kinachojiita serikali inayosubiri kinajivika cheo ambacho hakuna sheria iliyokipa.

Msemo wa pili una msingi wa kisheria, nao Kiswahili huuita rais mteule. Hata hivyo, cheo hicho kina masharti. Matokeo yakishatangazwa, kuna siku 7 za kuwasilisha kesi, kisha Mahakama ya Juu ina siku 14 za kuamua. Uhuru Kenyatta alitangazwa mshindi tarehe 11 Agosti 2017. Tarehe 1 Septemba Mahakama ikabatilisha ushindi huo na kuagiza uchaguzi urudiwe. Mtangazaji aliyetaja cheo bila kueleza kwamba kesi ilikuwa mahakamani aliwanyima wasikilizaji nusu ya habari.

Sarufi yetu inaweza kubeba tofauti hizi. Mgombea anayesema "tukiunda serikali" humwachia mpiga kura uamuzi wake; anayesema "tutakapounda serikali" amekwisha kujitangazia ushindi. Mhariri makini hawezi kuzichukulia kauli hizo mbili kuwa sawa.

Huenda ikasemwa kwamba wasikilizaji wamekwisha kuizoea misemo hii. Lakini kuzoea neno si kuelewa sheria iliyo nyuma yake. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, pale matokeo yalipobishaniwa na rais akaapishwa siku ile ile aliyotangazwa. Baada ya msiba huo, hatuna ruhusa ya kuzungumzia ushindi kwa uzembe.

Vyombo vya habari vya Kiswahili viwe na mwongozo mmoja: kabla ya kura, mgombea; baada ya matokeo kutangazwa, rais mteule, pamoja na maelezo kama kuna kesi; baada ya kiapo, rais. Raia akijua uchaguzi umefika hatua gani, anajua pia haki gani bado iko mikononi mwake.