Soksi za Mkono: Zawadi na Ujira katika Vita vya 1914

Neno kufuma katika Kiswahili lina kazi mbili. Hutumiwa kwa mfumaji wa nguo, apitishaye mshindio katika mtande. Hutumiwa pia kwa mtu aliyeshika sindano na uzi wa sufu, atengenezaye soksi kwa kuvuta kitanzi ndani ya kitanzi. Kazi hizi hazifanani. Soksi haina mtande: ni uzi mmoja uzungukao juu ya sindano nne au tano zenye ncha pande zote mbili, kuanzia ukingo wa juu, kushuka kisiginoni, hata kufungwa penye vidole. Kwa sababu ya vitanzi vyake hunyumbuka, ikaushika mguu pasipo kifungo.

Kitu hiki kidogo kilizua shauri kubwa katika Uingereza mwaka 1914. Vita vilipoanza mwezi wa Agosti, Malkia Mary aliwaita wanawake wa nchi yake, kwa njia ya chama chake cha kazi za sindano, washone na kufuma nguo za kuwapelekea wenye haja. Punde baadaye, kwa ombi la Lord Kitchener, Waziri wa Vita, zilitakiwa kwa ajili ya askari jozi 300,000 za soksi, pamoja na mishipi 300,000 ya kukinga tumbo na baridi.

Haja ilikuwa ya kweli. Katika mahandaki ya Ufaransa na Ubelgiji askari walisimama majini siku nyingi. Miguu ilikufa ganzi, ikavimba, na mara nyingine ikaoza hata kukatwa. Ndipo ikaamriwa kwamba askari waikaushe miguu yao, waipake mafuta ya nyangumi, na kubadili soksi mara kwa mara.

Lakini zawadi hiyo ilikuwa na upande wa pili. Biashara iliyumba vita vilipoanza, na wanawake wengi wa viwandani wakakosa kazi. Mary Macarthur, kiongozi wa wafanyakazi wanawake, alionya kwamba vazi litengenezwalo bure na bibi mwenye nafasi humnyang'anya riziki mwanamke aishiye kwa ujira wa kazi ile ile. Malkia alimsikiliza. Agosti hiyo hiyo ukaanzishwa mfuko wa kuwapatia wanawake kazi za kulipwa, na Macarthur akawa katibu wa heshima wa kamati iliyousimamia. Hivyo kazi ya hisani ililazimika kupatana na kazi ya mshahara.

Shauri hilo halikuvuka bahari. Katika vita hivyo hivyo, maelfu kwa maelfu ya wapagazi wa Afrika Mashariki walichukua mizigo ya majeshi, wengi wao kwa miguu mitupu, wakiteswa na funza, maradhi na njaa. Wengi hawakurudi makwao. Jina la Kiingereza la kikosi chao, lililogeuzwa na ulimi wa Kiswahili, ndilo Kariakoo ya Dar es Salaam.

Zawadi ya mkono, basi, ina mpaka wake. Humfikia yule ambaye mtoaji amemhesabu kuwa wake. Ujira alioutetea Macarthur ulisimama juu ya msingi mwingine: haukungoja kupendwa kwa mtu, bali ulihesabu kazi aliyoifanya.